Vikombe vya Nchagwa

Nchagwa hakuwa na kitanda. Hakuwa na kiti wala taa, na shati lake la pili lilikuwa limekwisha kwa kutia viraka la kwanza. Mke alikuwa naye, lakini si pale Homa Bay. Helen alibaki kwa mama yake, karibu na mpaka wa Tanzania, kwa sababu mama alisema binti yake hataishi katika chumba ambacho mgeni hawezi kupewa chai. Basi kitu alichokikosa Nchagwa kuliko vyote kilikuwa mshahara mzima. Tangu aajiriwe mwaka 1964 hakuwahi kuupata.

Alikuwa mhudumu katika hoteli ya Bwana Zadock, karibu na gati. Meli ya Kisumu ilipofika, abiria walishuka mbio, wakanywa chai wakiwa wamesimama, na honi ilipolia wakaacha vikombe popote: dirishani, juu ya magunia, kwenye ngazi. Vingi vilivunjika. Bwana Zadock alimkata mshahara aliyekipeleka kikombe, bei yake pamoja na ya kisahani, hata kama kisahani kilikuwa kizima, kwa kuwa alivinunua pamoja. Kila Jumatatu aliwakusanya wafanyakazi, akasali, akawaambia kwamba hoteli ni nyumba moja na yeye ndiye baba, na kwamba mtumishi asiyetabasamu anafukuza riziki ya wenzake.

Jioni moja ya mwezi Machi, baada ya mshahara, Nchagwa alikuta vikombe mlangoni kwake. Vilikuwa vyeupe, vyenye mstari wa buluu, vizima, kila kimoja juu ya kisahani chake. Alivitambua: ni vile vilivyovunjika, alivyokatwa. Alifungua mlango, vikaingia na kujipanga kando ya ukuta. Akalala.

Asubuhi alimweleza mpishi, Jedidah, ambaye hotelini walimwita Min Otieno, yaani mama wa Otieno. Mama huyo alikuwa akikanda unga wa mandazi na hakuuacha. Alisema hata kwake sufuria iliyotoboka mwaka jana, ile aliyokatwa, imerudi ikiwa imezibwa, na inapika vizuri kuliko zamani.

"Ulilipa, omera, ndugu yangu," alisema. "Sasa ulitaka vikae kwa nani?"

Taabu ilikuwa visahani. Vile vizima vilikuwa bado vikitumika hotelini, na sasa vilikuwa vimeondoka. Bwana Zadock alitazama rafu, akamwita Nchagwa. Hakuuliza vyombo viliwezaje kutembea. Aliuliza vimekwenda wapi.

"Viko kwangu, Bwana. Vile ulivyonikata."

"Na visahani?"

"Na visahani."

Bwana Zadock alifikiri. Alisema yeye si mtu wa kudhulumu, na kilicholipwa kimelipwa. "Ni vyako. Kuanzia kesho uje navyo kazini. Seremala huja na msumeno wake."

Tangu hapo Nchagwa alivibeba asubuhi kwa kapu. Jioni vilitangulia vyenyewe kurudi nyumbani, kwa mstari, vikizipisha baiskeli. Watu wa mtaani walivizoea. Meli ilipokuja, abiria walivivunja kama kawaida, na Bwana Zadock alikata kama kawaida.

"Hicho kilikuwa changu, Bwana," Nchagwa alisema siku moja.

"Ni chako. Lakini kimevunjikia kwangu, mbele ya wateja. Na tabasamu liko wapi?"

Kikombe kilicholipiwa mara mbili kilirudi vikombe viwili. Mvua za masika zilipokwisha, Nchagwa alikuwa akilala ubavu mmoja, kwa kukosa nafasi ya kugeuka.

Mwezi Julai afisa wa kazi alishuka kwenye meli. Nchagwa alimpelekea chai na kumweleza yote. Afisa alisikiliza kwa makini, kisha akaomba aonyeshwe vikombe vilivyovunjika. Alionyeshwa, vyote vizima. Alisema kwa haki kabisa haoni hasara iko wapi. Honi ikalia, akaweka kikombe chake ukingoni mwa dirisha, akaenda. Kilianguka kabla hajafika kwenye gati.

Mshahara wa mwezi huo ulitosha unga na stempu. Nchagwa alirudi kukiwa bado na mwanga, akaketi sakafuni katikati ya vikombe, akamwandikia Helen. Alimweleza kwamba mshahara mzima bado, na hajui utakuja lini, ila amwambie mama kwamba mgeni sasa anaweza kupewa chai, na hata wageni wa arusi.

"Njoo," aliandika. "Usibebe kikombe. Beba majani ya chai na sukari."

Kitu kiligonga mlango, chini kabisa. Aliinuka, akakifungulia kikombe cha afisa, akarudi kuketi. Alilamba bahasha, akaifunga, akaikandamiza kwa kitako cha kikombe hicho mpaka gundi ikashika. Asubuhi, kapu likiwa begani, alipitia posta, akaitumbukiza sandukuni, akaenda kazini.