Mpaka wa Siku ya Alhamisi

Usiku wa jana niliota ile Jumatano ambayo mume wangu Nyambu alitoka kwenda kuziba mfereji uliokuwa ukivuja, asirudi kwa miguu yake.

Mambo yalikuwa vilevile yalivyokuwa. Alikunywa chai akiwa amesimama, akavaa sweta la kijani nililomfumia mwenyewe, akachukua jembe nyuma ya mlango. Nikamwambia avae viatu. Akasema maji hayajawahi kumuuliza viatu. Kisha wanaume wanne wakamleta ndani ya blanketi, bila sweta.

Sweta hilo nililitafuta hata nikiwa macho. Niliwauliza waliombeba mpaka wakadhani nawashuku. Tulimzika pale kwenye migomba, chini kidogo ya nyumba, akiwa na shati lake la kanisani.

Lakini katika ndoto, blanketi lilipofunuliwa, ndani hakuwamo Nyambu. Ilikuwamo wadi yetu, Wadi ya Mlondonyi.

Niliitambua kwa umbo. Ni nyembamba juu, pana chini, na ina mguu mmoja unaoingia msituni, kama inavyoonekana kwenye ramani ya ofisi ya mwakilishi wetu. Ilikuwa imevaa makoti matatu. Nikaipa kiti. Ilikaa kwa shida kwa sababu ya ule mguu.

"Pole, Mama Mghoi," ikasema. "Mimi pia nimefiwa."

"Pole nawe. Utakunywa chai?"

"Ya rangi. Ng'ombe wako amehamia Wesunya."

Wesunya ni wadi ya jirani. Nikachungulia dirishani. Kweli, ng'ombe alikuwa ng'ambo ya maji akitafuna majani, na hakuonyesha kunijua.

Wadi ikavua koti la kwanza, la vifungo vya shaba. Ikasema hilo ililivaa ilipokuwa lokesheni ya chifu, na lilikuwa linabana shingoni. Ikavua la pili. "Hili nilivaa zamani za diwani. Lilikuwa na mifuko mikubwa sana, yote imetoboka." La tatu haikulivua. Lilikuwa na bega moja tu.

"Hili nilishonewa mwaka wa kuchora mipaka," ikasema. "Fundi alinipima Alhamisi."

Nilipoinua macho tulikuwa uwanjani, kwenye shule ya msingi, chini ya hema la mkutano wa mipaka. Afisa alikuwa penseli ndefu iliyovaa tai. Nyambu alikuwa amekaa mstari wa mbele, magoti yana matope.

"Mpaka kati ya Mlondonyi na Wesunya utafuata mto," ikasoma Penseli.

Nyambu akainua mkono. "Mheshimiwa, huo si mto. Ni mfereji. Tuliuchimba wenyewe, na hautulii mahali pamoja."

"Mzee, kwenye picha iliyopigwa na ndege ni mto."

"Ilipigwa siku gani?"

"Alhamisi."

Watu wakacheka. Hayo Nyambu aliyasema kweli mwaka ule, na watu walicheka kweli.

Ni kwa sababu hapa kwetu milimani maji ya mfereji huenda kwa zamu. Siku nyingine zote hupita kati ya nyumba yangu na migomba, yakishukia mashamba ya Wesunya. Alhamisi ni zamu yetu. Nyambu alikuwa akifungua mlango wa pili wa mfereji, maji yanazunguka ng'ambo ya migomba hadi kwenye nyanya zetu na za Mama Wawuda, jirani yangu. Waliochora mpaka waliyaona maji ya siku hiyo moja.

"Sheria haijui zamu," ikasema Penseli. "Mpaka utafuata maji, popote yatakapokwenda."

Mara Mama Wawuda anapita mbele ya hema amebeba kitanda kichwani.

"Wapi, shoga?" namuuliza.

"Si leo Jumatano? Jumatano nalala Wesunya." Hasimami. "Kura yangu nimeiacha kwako juu ya kabati. Usiifunikie sufuria."

Nyuma yake anakuja mwakilishi wetu akisukuma ofisi yake kwenye mkokoteni. Anatusalimia, anauliza kama bado sisi ni watu wake. Hakuna anayejua. Anaendelea kusukuma.

Wadi inaweka kikombe chini. "Tangu Nyambu aondoke," inasema, "mlango wa pili haujafunguliwa."

Najua. Mlango wa maji wa marehemu hauguswi na jirani mpaka mtu wa nyumba yake aufungue kwanza. Ni heshima. Nyanya za Mama Wawuda zimekauka, naye hajasema neno. Binti yangu Mghoi akipiga simu huniambia, "Mama, fungua maji." Namwambia wiki ijayo. Sitaki kusimama mahali aliposimama baba yake.

"Ndege inarudi kesho kupiga picha," inasema Wadi. "Ikikuta maji yanapita kati ya nyumba na migomba, wewe utaandikwa Mlondonyi na Nyambu ataandikwa Wesunya."

"Na nikitaka kumtembelea?"

"Utapokelewa vizuri. Wanajua kukaribisha wageni."

"Mimi ni mgeni wa mume wangu?"

"Sheria haisemi mume, Mama Mghoi. Inasema mkazi."

Hema likawa limeondoka. Tulikuwa kando ya mfereji, na maji yalikuwa yanapita mbele ya vidole vyangu. Ng'ambo, kwenye migomba, Nyambu amekaa juu ya jiwe. Ana lile shati la kanisani, na amejikumbatia kama mtu anayesikia baridi.

"Mama Mghoi," anasema, "leo zamu ya nani?"

"Leo ni Jumatano, Baba Mghoi."

"Huku ni Alhamisi kila siku. Zamu ya nani?"

"Yetu."

"Mbona pakavu?"

"Mlango umeziba."

"Niliuziba mimi. Gunia la kuzibia lilikuwa limeoza, nikatumia nilichokuwa nacho."

Ndipo nikapiga magoti na kuingiza mkono wa kulia kwenye mdomo wa mlango wa pili. Niliondoa mawe, nikaondoa udongo wenye nyasi. Chini yake vidole vikagusa sufu. Nikapapasa pindo la mkono, nikakuta ile sehemu niliyokosea kufuma nikaona uvivu kuifumua.

Juu ya mlima ndege inasikika.

"Polepole," likasema sweta. "Nimekaa huku muda mrefu."

Nikavuta polepole. Maji yakasita, kama mtu anayekumbuka njia, kisha yakaingia mlango wa pili. Yakapita nyuma ya migomba, nyuma ya jiwe, nyuma ya Nyambu. Hakugeuka kuyatazama. Aliinua tu miguu kidogo, kama alivyokuwa akifanya nikifagia.

Wadi ikasimama. Bega la pili la koti lilikuwa limeota. Ikafunga vifungo vyote, ikamsalimia Nyambu kwa kuinamisha kichwa, ikashika njia ya msituni ikitanguliza ule mguu.

"Sweta nikupe?" nikamuuliza Nyambu.

"Lianike kwanza," akasema.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka na jogoo wa Mama Wawuda alikuwa ameshachoka kuwika. Nikakaa kitandani nikijiambia kwamba ndoto za mjane ni nyingi. Nilipotaka kujifuta uso ndipo nilipoona kwamba mkono wa kulia wa gauni langu la kulalia umelowa hadi kwenye kiwiko, na una harufu ya tope. Mkono wa kushoto ni mkavu.

Leo ni Alhamisi. Jembe nimelitoa nyuma ya mlango. Zamu yetu inaanza saa tatu.