Mkamwana Mshika Bendera

Ndege ilikuwa bado inazunguka juu ya ziwa pale Tulinagwe alipoiona fimbo ya baba mkwe wake ikitokeza kwenye migomba.

Aliifahamu fimbo kabla ya mtu. Kwa miaka kumi na minane alimjua Mzee Zebedayo kwa vitu vyake tu: fimbo, kikohozi, mburuzo wa kandambili. Uso wake hakuwahi kuutazama. Mwanamke wa Kinyakyusa akiolewa katika nyumba iliyoshika mambo ya zamani, humwepuka baba wa mumewe. Hamtazami, hatamki jina lake, na wakikutana njiani yeye ndiye wa kuingia majanini, achuchumae na kujifunika kanga hadi mkwe apite. Wenyewe huita ukutila. Nyumba nyingi za hapo Ikolo zimeshaacha. Siku hizi mkwe na mkamwana wanapigiana hata simu. Nyumba ya Zebedayo haikuacha. Gwamaka, mume wa Tulinagwe, alipofariki, wazee wa ukoo walimwendea baba yake kumwomba amfungulie mjane ile miiko, maana wanaishi kitongoji kimoja.

"Ameshamla mwanangu," mzee akawajibu. "Sasa mnataka nimpe na uso wangu?"

Wazee wakanywa chai yao, wakaondoka.

Ndipo Tulinagwe akapata kazi ya mlinzi wa bendera kwenye kituo cha watu wanaoruka na miavuli kutoka ndegeni. Kiwanja chenyewe zamani kilikuwa majaruba ya mpunga. Wageni walikisawazisha, wakaotesha nyasi, wakakigawa mara mbili. Upande mpana ulikuwa wa kutua warukaji wa kawaida, wanaoshuka taratibu kama pamba. Upande mwembamba, uliozungushiwa kamba, ulikuwa wa wale wanaotua kimwewe. Hao hukata kona kali wakikaribia chini, mwavuli ukainamisha pua na kuporomoka, halafu dakika ya mwisho wakaunyoosha, wakapita juu ya nyasi kwa kasi kuliko bodaboda ya kwenye lami. Ni kitu kizuri kukitazama.

Kanuni zilibandikwa kwenye ubao nje ya ofisi. Asiyefuzu asijaribu. Mwewe ashuke wa mwisho, wenzake wote wakiwa wameshatua. Kona ianziwe juu; ukichelewa iache, tua polepole. Mtu au mnyama akiingia ndani ya kamba, mlinzi apulize kipenga na kuinua bendera nyekundu, na bendera ikiwa juu hakuna kona. Bendera ikiwa chini, njia ni nyeupe.

Hiyo ya mwisho ilimkera tangu siku ya kwanza. Akawategea warukaji wakinywa chai.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mlinzi wangu akilala, mgeni anaambiwa karibu."

Wakabahatisha mbwa, wakabahatisha kufuli, wakashindwa, wakampa mji.

"Ni bendera yenu," akasema. "Nikianguka hapa kwa homa, bendera itakuwa chini. Mtajuaje kama njia ni nyeupe au mimi nimekufa? Kwa nini mwewe asingoje mpaka aone bendera nyeupe imeinuliwa?"

Sylvester, kijana wa Dar aliyekuwa bingwa wao, alicheka mpaka chai ikampalia. "Mama Bendera, wewe shika mti wako. Sheria tuachie sisi tunaoanguka."

Wote wakacheka. Bi Monica, mkuu wa usalama, hakucheka. Ila hakuandika pia.

Mzee Zebedayo alipopata habari kwamba mkamwana amepata kazi ya kusimama, akaanza kupita. Kulikuwa na njia ya kuzunguka kwenda kwenye kakao yake, lakini akasema ile ya babu zake inapita katikati ya kamba. Mwezi ule alipita mara mbili. Mara zote mbili Tulinagwe alitupa bendera, akachuchumaa, akajifunika, na wanawake waliokuwa wakipalilia mpunga ng'ambo wakapiga vigelegele vya dhihaka. "Bendera imeota mizizi!" Mzee alitembea polepole, akasimama, akakohoa, akaendelea. Bahati nzuri angani hapakuwa na mtu.

"Mama Veronika," Bi Monica alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe, akimpa karatasi ya onyo la pili, "mimi nimezaliwa Moshi, mila zenu nazisikia tu. Nakuheshimu. Lakini mwavuli haujui mkwe. Ukiiacha bendera mara ya tatu, sitakuwa na la kukusaidia."

"Ndaga, dada," Tulinagwe akashukuru, kana kwamba amepewa zawadi.

Na leo ndiyo hiyo fimbo.

Warukaji wanne walikuwa wamekwisha ruka. Watatu walitua upande mpana, wakaanza kukunja miavuli yao. Wa nne, Sylvester, alibaki juu peke yake, mwavuli wake mdogo mwekundu ukizunguka mbele ya milima ya Livingstone. Asubuhi alikuwa amewaambia wenzake, Tulinagwe akisikia, "Yule babu akikatiza leo nitamnyoa nywele bila wembe."

Mzee akainua kamba kwa fimbo, akaingia.

Tulinagwe alijua la kufanya. Alilijua kama anavyojua jina la mwanawe. Lakini magoti hayakumngoja. Yalikunjika yenyewe, kanga ikapanda kichwani yenyewe, na bendera ikashuka pamoja naye mpaka kwenye nyasi. Haikuwa zaidi ya muda wa kumeza mate.

Kwa muda huohuo Sylvester alitazama chini. Bendera ilikuwa chini. Akakata kona.

Tulinagwe akasikia sauti ya kitambaa ikipasua upepo. Akasimama. Kanga ikaanguka, hakuiokota. Akainua bendera kwa mikono yote miwili, akapuliza kipenga mpaka masikio yakamziba. Mzee alikuwa amepita katikati. Zilibaki hatua sita, labda saba, afike kamba ya pili. Kipenga alikisikia, alitikisa fimbo tu, kama mtu anayefukuza nzi, akaendelea na mwendo wake wa pole.

Ndipo Tulinagwe akamtazama, akamwita.

"Zebedayo! Kimbia! We Zebedayo!"

Ng'ambo, majembe yakanyamaza. Na Mzee Zebedayo, ambaye kipenga hakikumsimamisha, akasimama. Jina lake kinywani mwa mkamwana, mbele za watu. Akageuka taratibu amwone huyo aliyethubutu, na Tulinagwe akauona uso wake kwa mara ya kwanza: uso mdogo, wenye midomo iliyofunguka, uso wa mtu aliyepigwa kofi na mtoto.

Miguu ya Sylvester ilimkuta hapohapo.

Sylvester alivunjika mfupa wa bega, na baada ya miezi miwili alirudi angani. Mzee alivunjika nyonga na uti wa mgongo. Ofisini waliandika kwamba bendera iliachwa, jambo ambalo ni kweli, na kwamba ni mara ya tatu, jambo ambalo pia ni kweli. Kijijini hawakuandika. Walisema tu kwamba mzee angenusurika. Zilibaki hatua saba. Ni jina lililomshika miguu. Hilo nalo Tulinagwe alishindwa kulikana. Wiki iliyofuata ajali, alipokwenda kurudisha kipenga, aliikuta kanuni mpya ubaoni, wino bado unang'aa: mwewe asikate kona mpaka aone bendera nyeupe imeinuliwa.

"Nani ameitunga hii?" akauliza.

"Kamati," akajibu kijana wa ofisini.

Wana wa Zebedayo walio hai wako Tunduma na Mbeya. Walituma salamu, walituma shuka mbili, na shemeji mkubwa wa Tulinagwe, Aliko, akampigia simu.

"Shemeji, huko hospitali wanataka ndugu wa kumwogesha mzee. Sisi tuna kazi. Wewe si umeachishwa? Nafasi unayo."

"Aliko, mimi ni mkamwana wake."

"Kumbe unalijua hilo?" akasema Aliko, na simu ikakatika.

Wodini, nesi alimkabidhi beseni na kitambaa bila kumtazama sana. "Bibi, wewe ndiye mtu wake? Haya, mgeuze, vidonda vimeanza mgongoni. Usimwonee haya, hapa wote ni nyama tu." Akaenda kitanda kingine.

Mzee alikuwa amelalia ubavu, uso ukutani. Alijua ni nani, mabega yalikakamaa.

"Aje mwingine," akauambia ukuta.

Hapakuwa na mwingine. Tulinagwe akaweka beseni chini. Akashika ncha ya shuka, akaiachia, akaishika tena. Akaifunua.

Mgongo ulikuwa mwembamba kuliko alivyodhani, mbavu zimejichora kama kinu cha zamani kilichopasuka. Na chini ya bega la kushoto palikuwa na baka jeusi la kuzaliwa, refu, limepinda kidogo kama mundu. Gwamaka alikuwa nalo hilohilo, mahali hapohapo. Miaka yote ya ndoa alikuwa akilipitishia kidole gizani, akijua ni la mtu mmoja tu duniani.

Alisimama, mkono hewani, kitambaa kikidondosha maji ya vuguvugu sakafuni, tone baada ya tone, na mzee, uso bado ukutani, akiyahesabu kwa kupepesa kope.