Nyasi Kidogo Tu

Siku hiyo wanachuo wa Butimba walikunywa chai bila maandazi ya Dorotea. Muda ambao kwa kawaida huwa ameinamia karai la mafuta, alikuwa amesimama mbele ya duka la mashine mjini, fedha zikiwa zimefungwa kwenye pindo la khanga, akimsubiri Mzee Vasant afungue makufuli. Mzee alikuwa na makufuli mengi, na haraka hakuwa nayo hata kidogo.

Simu ya wifi yake, Sabina, ilikuwa imeingia jana jioni. Sabina aliishi kijijini, ng'ambo ya ziwa upande wa Kamanga, na aliongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye msibani.

"Wifi, kesho mchana kamati ya ardhi inapita. Mtendaji wa kijiji ametangaza mkutanoni kwamba eneo lililogeuka pori linarudi kijijini. La kaka limo."

"Mbona hamkunipigia mapema?"

"Mkutano umefanyika leo hii. Mimi mwenyewe nimesikia kwa jirani."

"Tafuta vibarua basi, wafyeke nikiwa njiani."

"Vibarua gani? Wote wamechukuliwa na yule tajiri wa vizimba vya samaki. Waliobaki wanamwogopa Mtendaji. Njoo na mashine, wifi. Panga haliwezi kitu pale."

Dorotea alijua kwamba haliwezi. Shamba lile lilishuka mpaka ziwani, na ndani yake alikuwa amezikwa Malimi, mume wake. Baba mkwe ndiye aliyepanda michongoma kuzungushia zizi la ng'ombe. Ng'ombe wakauzwa mmoja baada ya mwingine kumtibu Malimi, zizi likabaki tupu, na michongoma, kwa kukosa mtu wa kuipunguza, ikaanza kutembea. Ilikula zizi, ikala bustani ya mihogo, ikala njia ya kwenda kaburini. Mara ya mwisho alipofika, Dorotea alisimama mbali, akasali huku akilitazama lile pori, kisha akarudi mjini na aibu yake. Hakumwambia mtu. Mwanamke aliyeacha kaburi la mumewe limezwe na miiba ajieleze vipi?

Hatimaye kufuli la mwisho likafunguka.

"Karibu mama. Nikupe nini?"

"Shikamoo mzee. Nataka mashine ya kufyekea."

"Marahaba. Unafyeka nini?"

Lilikuwa swali la haki, na jibu lake lilikuwa fupi tu. Lakini Dorotea alikuwa mtu wa soko. Maisha yote ya kununua ngano na maharage yalikuwa yamemfundisha kwamba muuzaji hatakiwi kamwe kujua una shida kiasi gani. Akijua, bei inapanda hapohapo mbele ya macho yako. Kwa hiyo aliangaza huku na huko kama mtu aliyeingia kukwepa jua.

"Nyasi kidogo tu," akasema. "Pale uani."

Mashine zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa kubwa na mpya, ina mikanda miwili ya mabegani na sahani ya chuma yenye meno. Dorotea aliitazama mara moja tu, akajua kwamba hiyo ndiyo dawa ya michongoma.

"Hiyo imelipiwa tangu wiki iliyopita," alisema Mzee Vasant. "Inakwenda ng'ambo leo, kazi ya miiba. Mwenye kuichukua ndiye huyo anaingia."

Aliyeingia alikuwa mwanamume mpana wa mabega, viatu vya mpira miguuni. Aliwaamkia wote wawili, akasema anaitwa Ngosha, akaanza kukagua mashine ya tajiri wake kimyakimya.

Ya pili ilikuwa kuukuu. Mzee aliitoa chini ya meza akaipangusa vumbi kwa kiganja. "Hii nimeitengeneza kwa mkono wangu. Sura mbaya, lakini inakula mti."

Moyo wa Dorotea uliruka, na kwa sababu uliruka, akabetua midomo. Bei ilizidi kidogo tu kile kilichokuwa kwenye pindo. Akiishusha vizuri, mashine ilikuwa yake.

"Hili dude? Si mmepaka rangi juu ya kutu? Mzee, mimi nyasi zangu laini, hata mbuzi wangezimaliza. Punguza nikusaidie kuliondoa dukani."

Mzee Vasant alishusha miwani. "Nyasi laini?"

"Laini kabisa."

"Hakuna miti? Hakuna miiba?"

"Miiba itoke wapi uani kwangu?"

"Basi hii nikuuzie ya nini? Nitakuwa nimekuibia." Akaisukuma tena chini ya meza. Alikuwa mtu mwaminifu, na siku hiyo uaminifu wake ulikuwa balaa. Akashusha kutoka kwenye ndoano kimashine chembamba cha rangi ya machungwa. "Hii ndiyo yako. Mpya, nyepesi, inakata kwa kamba ya nailoni. Na chenji inabaki."

Dorotea alifungua mdomo. Aseme nini? Kwamba tangu aingie alikuwa anadanganya? Kwamba uani kwake ni pori, na ndani ya pori kuna mume? Na yule mwanamume aliyemwamkia kwa adabu alikuwa amesimama palepale anasikia.

"Mzee, na ikitokea kamti kamoja..."

"Kamba itakatika. Sahani ya chuma haifungwi kwenye hii. Lakini umesema hakuna mti."

"Hakuna," alisema Dorotea.

Akalipa. Kivuko hakimsubiri mtu, na tayari jua lilikuwa limepanda. Mzee alimchanganyia petroli na oili kwenye chupa, akampa na kichupa cha oili ya akiba, akamwonya asiweke petroli kavu, isiyo na oili. Kisha akawanyooshea kidole wote wawili.

"Na hizi si za mchezo. Yako mama inarusha vijiwe. Yako, Ngosha, inakata mguu. Ukiona mtu mbele yako, zima kwanza, maswali baadaye. Umesikia?"

"Nimesikia mzee," alisema Ngosha.

Ni Ngosha huyohuyo aliyembebea mashine mpaka kivukoni, kwa sababu naye alikuwa anavuka. Getini mlinzi aliiona chupa mkononi mwa Dorotea.

"Petroli haipandi hapa, mama. Sheria."

"Na lile galoni?" Ngosha alikuwa ameshapita na galoni zima.

"Lile ni la mradi. Tumepigiwa simu."

"Petroli ya mradi haiwaki moto?"

Watu kwenye foleni walicheka, na mlinzi pia akacheka, lakini chupa aliichukua. Dorotea alibaki na kichupa chake cha oili ndani ya khanga.

Ndani ya kivuko walikaa benchi moja. Ngosha alikuwa mwongeaji akishapumzika. Alisema bosi wao anaweka vizimba vya samaki ziwani na anataka ufukwe wa kushushia chakula cha samaki na kupakia mizigo, na kwamba wamepewa eneo leo hii kulisafisha. "Michongoma tupu, mama. Wenyewe walishalitupa."

"Poleni," alisema Dorotea.

Kitu kilimchoma hapo. Alitaka kuuliza ni kijiji gani. Lakini akiuliza ataulizwa, na yeye alishasema ana nyasi uani, sasa anavuka ziwa na mashine kwenda kufyeka uani kwa nani? Akageuza uso akayatazama maji mpaka Kamanga.

Pale Kamanga alinunua petroli ya barabarani, iliyotiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, akaichanganya na oili kama alivyoelekezwa, akapanda bodaboda. Sabina alikuwa anamsubiri pembeni ya shamba na mapanga mawili. Hawakupoteza muda kusalimiana.

Mashine iliwaka haraka, na kwa muda mfupi mambo yalikuwa mazuri kupita kiasi. Nyasi za ukingoni zililala chini kwa safu, harufu mbichi ikapanda, Sabina akapiga kigelegele. Dorotea naye alianza kujisikia mtu. Kisha akafika kwenye mchongoma wa kwanza. Kamba ililamba shina, ikalilamba tena, ikakatika. Akavuta nyingine. Ikakatika. Ya tatu ilijisokota kwenye tawi, kichwa cha mashine kikakwama, injini ikapiga yowe jembamba na kuzimika. Shina lilikuwa limechubuka gome kidogo tu.

"Wifi," alisema Sabina taratibu, "umenunua mashine ya bustani."

"Najua."

"Hukumwambia muuzaji ni michongoma?"

Dorotea aliinasua kamba kwenye tawi. Alijichukia wakati ule kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote. Ujanja wake wa sokoni, uliomlishia watoto, leo ulikuwa umemuuza yeye mwenyewe. Akaitupa mashine kwenye nyasi, akachukua panga, akapiga magoti.

Shamba zima halikuwezekana tena. Lakini kaburi lingewezekana. Ardhi yenye kaburi watu huiheshimu, hata mtendaji hulazimika kuuliza ni la nani. Alichagua pale alipokumbuka njia ilipopita, akaanza kukata matawi ya chini, Sabina nyuma yake akiyavuta nje. Miiba ya mchongoma ina makucha, inashika ikielekea ndani. Ilishika gauni, ikashika nywele, ikachana mikono mpaka damu ikateleza kwenye mpini. Kidogo kidogo kikatokea kijia cha kupita mtu anayetambaa, na mbele yake, gizani, Dorotea aliona weupe wa saruji. Msalaba wa Malimi ulikuwa umeinama lakini ulikuwepo.

Alikuwa anafuta macho aliposikia gari.

Mtendaji Shigela alishuka na wajumbe wawili wa kamati. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri. Hakuingia shambani. Alisimama barabarani akalitazama pori kama mtu anayetazama kitu alichoagiza.

"Mama, eneo halijafyekwa."

Dorotea alitoka kwa kutambaa, akasimama na damu zake. "Shida ni mashine, Mtendaji. Nipe mpaka jioni. Humu kuna kaburi la mume wangu."

"Liko wapi? Mimi naona miiba."

"Inama uone. Nimefungua njia."

Shigela hakuinama. Mjumbe mmoja alitaka kuinama, akamtazama Shigela, akanyooka. "Tangazo lilikuwa wazi," alisema Mtendaji. "Pori linarudi kijijini. Kama kuna kaburi, wataalamu wataliangalia."

Nyuma yake mtu mwingine alikuwa anashuka kwenye gari, anajifunga mikanda miwili mabegani. Dorotea aliitambua mashine kabla hajamtambua mtu. Ngosha alipoinua uso, akamwona, mikono yake ilisimama kwenye kifungo.

"Mama. Kumbe ni hapa?"

"Ni hapa."

"Si ulisema nyasi?"

"Nilidanganya," alisema Dorotea. Lilimtoka kirahisi sasa, wakati halimsaidii kitu. Kisha akamgeukia Shigela. "Mtendaji, mashine hii imelipiwa tangu wiki iliyopita, nimeambiwa dukani leo asubuhi. Mkutano wenu umekaa jana. Kamati imekaa lini?"

"Kamati ndiyo hii. Imekaa."

"Imekaa ikiwa imesimama barabarani?"

Shigela akamwonyesha Ngosha mkono kwamba aanze.

Ngosha alisitasita, lakini alikuwa mtu wa mshahara. Akavuta kamba, mashine ikanguruma, na sahani ile ya chuma ikaingia kwenye michongoma kama kisu kwenye ugali. Mashina yaliyomshinda Dorotea yalidondoka moja baada ya jingine. Alisimama akitazama, na hata katika uchungu wake hakuweza kukana kwamba kazi ilikuwa nzuri. Ndivyo ambavyo yeye angefyeka. Hii ndiyo njia ambayo angewapitisha padri na wajukuu.

Ngosha alikuwa amegeukia upande wa kaburi bila kujua liko wapi. Kelele zilikuwa kubwa mno, Sabina anapiga kelele hasikiki. Dorotea hakupiga kelele. Alikumbuka kidole cha Mzee Vasant na lile onyo la kuzima kwanza, akapiga magoti na kurudi kwenye kijia chake, miiba ikimshika palepale ilipomshika mwanzo, mpaka akafika kwenye saruji. Akakaa, akauegemeza mgongo kwenye msalaba, akaikunja miguu. Ngurumo ilikaribia. Majani yaliyokatwa yakaanza kumwangukia kichwani. Aliogopa sana, akafumba macho akamshika Malimi kwa mkono mmoja, maana saruji ndiyo iliyokuwa karibu.

Kelele zikakatika.

"Kuna mtu!" ilisema sauti ya Ngosha. "Mtendaji, kuna mtu humu. Na kaburi lipo."

"Mwambie atoke, uendelee."

"Mama, toka basi."

"Sitoki," alisema Dorotea. "Mmesema hapa ni pori, hapana mtu. Fyekeni."

Kisha akasikia vifungo vya mikanda vikifunguliwa, kimoja, halafu cha pili, na kitu kizito kikiwekwa chini.

"Ngosha, washa mashine!"

"Siwashi. Ukitaka, washa wewe."

Simu ya Shigela ililia. Dorotea alimsikia akisogea pembeni, sauti yake imelainika ghafla, imekuwa ya mtu mwingine kabisa. "Ndiyo, bosi. Tunaendelea vizuri, bosi. Hapana, hakuna tatizo lolote. Kimebaki kichaka kimoja tu."

Kwenye kijia matawi yalichakarika. Sabina alikuwa anaingia kwa magoti, khanga imefungwa kichwani, panga mkononi. Dorotea alisogea kidogo kwenye saruji, akampisha akae.