Kitobo cha Shaba

Tangu asubuhi Nopoko alikuwa ameketi mkekani, uani kwake Ouagadougou, mtoto mgongoni. Kabureta ya pikipiki ya marehemu mama yake ililala vipande vipande kwenye beseni la maji ya ukwaju. Uchafu ulikuwa ukiachia taratibu, kama usingizi unavyoachia macho, na shaba ikaanza kuonyesha uso. Vumbi la upepo wa jangwani lilikuwa limelifanya jua jeupe kama maziwa; hata mikono yake mwenyewe aliiona iko mbali.

"Zerbo akifika na mkokoteni wake, chuma hicho kinaondoka," mumewe Rasmané alisema mlangoni. "Tulikubaliana: pikipiki isipowaka kabla hajaja, naiuza."

"Nimesikia, baba Wendkuni."

Kitobo kimoja, chembamba kuliko tundu la sindano, kilikuwa bado kimeziba.

"Si ukichokoe na waya?"

"Waya utakipanua, pikipiki inywe petroli kama mlevi."

Akapenyeza unywele wa mkia wa farasi, akauzungusha polepole. Harufu ya petroli ikamletea mama yake barabarani, kilemba kikipepea, na yeye mdogo nyuma, amekumbatia kile kiuno.

"Hodi, watumwa wangu!"

Zerbo, mnunuzi wa vyuma chakavu, alikuwa wa kabila la Wasamo, watani wa Wamossi kama Nopoko na mumewe.

"Mtumwa wewe, mla vichwa vya mbwa," Nopoko alijibu bila kuinua macho. "Sogea, unanizibia mwanga."

"Mmossi anatengeneza injini! Kesho punda watasoma gazeti."

"Beba uende, Zerbo," Rasmané alisema.

"Nibebe na kiu?"

Akaletewa maji ya uwele na tangawizi. Akayanywa tone kwa tone, jicho moja kwenye mikono ya Nopoko. Akaomba kibuyu cha pili. Cha tatu akakipuliza, ingawa kilikuwa baridi. Rasmané akautazama mkokoteni, akakitazama kibuyu. Nani atamfukuza mtani anayekunywa?

Nopoko aliinua juani kipande chenye kitobo kile. Nukta ya mwanga ikapenya. Akaunga boya, bakuli, skrubu, akaifunga kabureta mahali pake kwenye pikipiki, akapiga pedali. Kikohozi. Kimya. Akapiga tena, na tena, mpaka moshi wa buluu ukapanda na injini ikanguruma. Mtoto aliamka, akatulia akisikiliza.

Zerbo alifuta midomo. "Nimekuja kuchukua chuma, naondoka na tumbo la maji. Wamossi wezi nyie!"

Akausukuma mkokoteni mtupu. Nopoko alikwishapanda. Rasmané akaufungua mlango wa ua mpaka mwisho, akaushikilia ili mkewe apite.