Mtoto Aliyerudi Kupimwa

Jumanne asubuhi Ramlah alitundika mizani kwenye boriti ya kibaraza cha Nasimiyu, mtaa wa Namatala mjini Mbale, akaurudisha mshale kwenye sifuri, akamvisha Twaibah ile suruali ya kupimia na kumning'iniza. Twaibah alirusha miguu kidogo, kama kawaida yake, kisha akatulia. Alikuwa ameongezeka uzito. Alikuwa pia amezikwa tangu Ijumaa, baada ya swala, na Ramlah alikuwa amekuja kutoa pole. Mizani ilikuwamo mkobani kwa sababu tu kila Jumanne huwa mkobani.

"Nilijua atakuja," alisema Nasimiyu. "Leo ni siku yake ya kupimwa."

Ramlah aliusoma uzito, akauingiza kwenye simu ya mradi, akazungusha utepe kwenye mkono wa mtoto. Utepe ulisimama kwenye kijani, rangi ya mtoto mwenye afya. Ngozi yake ilikuwa na ubaridi, kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa, na nywele zake zilinukia karafuu maiti. Kisha Ramlah aliuliza maswali yake kama yanavyofuatana. Je, mtoto ameharisha tangu nilipokuja mara ya mwisho? Ameharisha. Je, ulimpeleka wapi kutibiwa?

"Tulingoja gari yenu," alisema Nasimiyu.

Mradi huo ulikuwa na ofisi yake Jinja, ghorofani, katika jengo la zamani la Mhindi ambalo chini yake sasa huuzwa magodoro. Ulichunguza jinsi familia za mjini zisizo na uwezo zinavyolea watoto wachanga, na ni nini huzifikisha kwenye matibabu au kuzizuia. Watoto waliandikishwa wakiwa wachanga kabisa, Jinja, Buwenge na Mbale. Aliyeandikishwa alipata sabuni, unga wa uji, na gari la mradi siku akiugua. Ramlah, Mnubi wa Jinja, aliajiriwa kwa sababu anajua kuongea na watu, na kwa sababu alijifunza upesi Kimasaba, lugha ya watu wa Mbale. Alipanga chumba Mbale, na kila mwisho wa mwezi alirudi kwa bibi yake Jinja kufua nguo na kulala.

Siku Twaibah alipozidiwa, Nasimiyu aliipiga ile namba aliyopewa. Alijibiwa kwa adabu. Aliambiwa gari limewapeleka wageni wa wafadhili kuona chanzo cha mto Naili, na kwamba litakuja wakishamaliza chakula. Lilikuja kweli. Lilipofika, majirani walikuwa wameshainjika maji ya kumwoshea maiti. Dereva, mzee Sebit, aliyewahi kuendesha malori ya jeshi na bado akiitwa afande na kila mtu, alivua viatu akasimama safu ya nyuma, akamsalia mtoto pamoja na wengine.

Tangu Jumanne ile Twaibah hakukosa hata mara moja. Alikuja na mizani na kuondoka na mizani. Ramlah alipotokea kwenye kona ya mashine za mchele, leso ya Nasimiyu ilijaa mgongoni, na akitoweka kwenye kona ileile, leso ililegea. Nasimiyu aliizoea, akawa anaifunga mapema ili mtoto asije akaanguka. Jirani yake Margret alileta kigoda cha kumkalisha. Imamu wa mtaa aliulizwa, akasema sala ya jeneza ilisaliwa sawasawa na hakuna haja ya kuirudia.

Ramlah alipeleka habari Jinja. Daktari Kirunda, mkuu wa mradi, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe alikuwa amezika mtoto wa kwanza, na picha yake ilikuwa juu ya meza. Aliuliza kama mtoto anafika kila siku ya kupimwa, na Ramlah akasema anafika. Akauliza kama uzito unapanda, akaambiwa unapanda. Akaeleza, kwa upole wa mwalimu, kwamba mtoto huhesabiwa amefariki pale anapoacha kufuatiliwa, na kwamba jambo linalowaudhi wafadhili kuliko yote ni watoto wanaopotea katikati ya utafiti.

"Anayefika kupimwa, amefika," alisema. "Endelea naye."

Ramlah aliendelea naye. Mwanzoni alikuwa akimnyanyua kwa ncha za vidole. Baadaye alimzoea, akambeba nyongani huku akimuuliza mama yake maswali, na kuna Jumanne alijikuta anatembea haraka kutoka stendi ya boda boda kwa hamu ya kumwona. Jambo hilo lilimtia aibu, lakini hakupunguza mwendo.

Nyumbani mle mlikuwa na mtoto mwingine, Shamira, wa miaka minne. Namatala nzima ilimwita Nasimiyu Mama Shamira. Kwenye simu ya mradi tu ndiko alikoitwa Mama Twaibah. Baba yao, Wahab, alikuwa amepanda mlimani Kapchorwa kuvuna viazi na hakuteremka tena. Nasimiyu alipeta mchele kwenye mashine, akalipwa kwa chenga, na chenga ndizo walizokula. Maji waliyachota kwenye chemchemi iliyo chini ya vyoo, kama wote wa upande ule. Utaratibu ulitaka uji wa mradi upikwe mbele ya Ramlah na unywewe na mtoto aliyeandikishwa, basi Nasimiyu aliupika, na Twaibah akaumaliza, kwa sababu alikuwa na hamu nzuri ya kula. Shamira alipewa sufuria. Aliikomba kwa kidole bila haraka, akizunguka ukingo wote, na kila Jumanne shingo yake ilionekana ndefu zaidi.

Mvua kubwa zilipofika, bonde la Namatala lilifurika na maji yakasimama uani. Jumanne moja Ramlah alimkuta Shamira amelazwa mkekani, macho nusu wazi, anapumua kwa mbavu. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Nasimiyu alikuwa amechutama kando yake, na mgongoni Twaibah alikuwa ameshafika, mnono, anavuta kilemba cha mama yake.

"Musawo," alisema Nasimiyu, maana huko wote humwita hivyo mtu yeyote wa afya, "niandikie huyu mahali ya Twaibah. Twaibah hana shida sasa. Huyu ndiye yuko na shida."

Ramlah alimpigia Daktari Kirunda pale pale kibarazani. Alimweleza hali ya mtoto, viganja, pumzi. Daktari aliuliza umri.

"Huyo amepita umri, Ramlah. Nikimwingiza yeye, kesho nitawaingiza wote wa Namatala."

"Wanaugua, Daktari."

"Najua wanaugua. Ndiyo maana tunafanya utafiti."

Ramlah alikata simu. Alimtazama Nasimiyu. Kisha akampigia Sebit, akamwambia Twaibah wa Namatala anaumwa sana. Sebit, aliyekuwa amemsalia Twaibah kwa miguu mitupu, hakuuliza lolote. Alisema yuko sokoni hapo hapo Mbale na anakuja, na siku hiyo gari lilikuja upesi kuliko siku nyingine yoyote. Alishuka, akawaona watoto wote wawili, akamchukua Shamira mwenyewe na kumlaza kiti cha nyuma.

Mradi ulikuwa umekodi vyumba viwili mwisho wa kituo cha afya. Vilikuwa na vitanda, vyandarua na kabati la dawa. Muuguzi wa mradi, Beverlyne, aliwapokea mlangoni, akaiangalia namba ya Twaibah na kuiona iko sawa. Alimlaza Twaibah, akampima joto, akamtoboa kidole. Damu ilitoka kidogo, nyeusi, lakini ilitosha. Hakuwa na malaria. Mapafu yalikuwa safi. Beverlyne alisema ni nadra kuona mtoto wa Namatala mwenye afya kama hii.

"Mgonjwa ni huyu mwingine, Sista," alisema Ramlah.

Beverlyne alimtazama Shamira. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi, na alichokiona alikitambua. Alisema dawa zilizo kabatini kila moja ina namba ya mtoto wake, na zikikaguliwa ni yeye atakayejibu. Alisema huyu apelekwe dirisha la upande wa pili, waliko watu wengine wote, na waambiwe ni wa haraka. Aliongeza kwamba anasikitika, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesikitika.

Nasimiyu alizunguka na Shamira. Ramlah alitaka kumfuata, lakini mtoto wa mradi akishalazwa alipaswa kutazamwa kwa muda, na aliyemleta hakuruhusiwa kumwacha. Aliketi kando ya kitanda. Twaibah alilala vizuri ndani ya chandarua, mkono mmoja juu ya kichwa. Dirishani Ramlah aliweza kuiona foleni, imetoka barazani ikapita uwanjani mpaka getini, na leso ya manjano ya Nasimiyu mwisho kabisa. Alimwona mzee mmoja akimgusa bega na kumpisha. Kisha mwanamke mwingine akampisha. Leso ikawa inasogea mbele, mtu kwa mtu, na Ramlah akaanza kuwa na matumaini.

Beverlyne alipoandika kwamba Twaibah ni mzima na anaweza kurudi nyumbani, Ramlah alimbeba akatoka mbio. Nasimiyu alikuwa wa pili kutoka dirishani. Aliyekuwa mbele yake aliondoka, dirisha likabaki wazi, lakini hakusogea. Alikuwa amemfunika Shamira uso kwa upindo wa leso.

"Mpeleke Twaibah kwa gari," alisema. "Huyu ameshaenda."

Walirudi wote pamoja. Sebit aliendesha polepole, akikwepa madimbwi. Nasimiyu alimpakata Shamira na Ramlah alimpakata Twaibah, na njiani Twaibah alinyoosha mkono akaushika mguu wa dada yake na kuuchezea, akiuvuta na kuuachia, mpaka walipofika kwenye mashine za mchele. Shamira alizikwa alasiri hiyo hiyo kando ya kaburi la mdogo wake.

Daktari Kirunda alikuja Mbale mwenyewe. Hakumfukuza Ramlah. Alimwambia ameelewa kilichomsukuma, kisha akamweleza kwamba gari lile lina kazi yake na kwamba mtu akisema uongo mmoja kwenye utafiti, matokeo yote yanaingia shaka. Ramlah alitaka kumwambia kuhusu ile leso ya manjano kwenye foleni. Alianza, akaona daktari anatikisa kichwa kwa huruma kabla hajafika popote, akaacha. Alifikiria pia kuacha kazi. Alikaa na wazo hilo mwezi mzima, hata bibi yake Jinja akaona kwamba hali chakula. Lakini akiacha, Jumanne hakuna wa kutundika mizani, na hilo hakuweza kulifanya.

Jumanne ya kwanza baada ya maziko ya Shamira, Ramlah aliwahi kuliko desturi. Nasimiyu alikuwa amefagia kibaraza na kutandika mkeka wote, si nusu. Alikuwa amefunga leso mgongoni, na leso nyingine ameiweka tayari mapajani. Ya mgongoni ilijaa. Ya mapajani ilibaki hivyo hivyo. Walingoja. Ramlah alipima, akauliza maswali yote, akarudia mengine aliyokuwa ameshayauliza, na akachelewesha kuteremsha mizani mpaka Margret wa jirani akaja kuuliza kama kuna tatizo.

"Shamira hakuwa kwenye utafiti," alisema Nasimiyu. Alimwambia Margret, si Ramlah. Aliikunja ile leso ya mapajani na kuiingiza ndani.

Matokeo ya awali yalisomwa katika hoteli moja ya Mbale, mbele ya wafadhili, maofisa wa wilaya na viongozi wa dini. Mstari wa Twaibah ulionyeshwa ukutani, umepanda bila kuteleza hata mara moja, na mgeni mmoja akaomba ubaki pale kidogo aupige picha. Ilielezwa kwamba mtoto huyu anatoka katika mazingira magumu, na kwamba inafaa kuchunguza zaidi ni nini kimemsaidia. Fedha zilipatikana, na utafiti ukaongezewa awamu. Awamu hiyo mpya ilihusu watoto walewale, sasa wanapoanza kutembea na kusema. Wapya hawangeandikishwa.

Ramlah alimpelekea Nasimiyu habari hizo. Nasimiyu alisikiliza huku akipeta chenga, akauliza kama kuanzia sasa gari litakuja kwa watoto wengine wa nyumbani. Ramlah akasema halitakuja. Nasimiyu aliweka ungo chini, akatoa dole gumba, likapakwa wino kutia sahihi ya kuikubali awamu mpya.

Maswali yalikuwa mapya, na Ramlah aliyasoma kwenye simu moja baada ya jingine. Je, mtoto anasimama bila kushikwa? Anasimama. Twaibah alikuwa amesimama katikati ya kibaraza wakati huo, miguu yake mifupi imepanuka, ameelekea mlango wa ndani. Je, mtoto anakunywa kwa kikombe mwenyewe? Anakunywa. Je, mtoto anataja jina la mtu yeyote wa nyumbani?

"Anataja," alisema Nasimiyu. "Anamwita dada yake. Akifika tu anamwita, anangoja, halafu anamwita tena."

Ramlah alibonyeza *ndiyo*, akasoma swali lililofuata.