Karatasi Iliyotafunwa

Siku alipomkuta dada yake kwenye kile chumba cha uani, Bi Jicho hakulia. Alitapika. Alitoka mbio, akashika ukuta, akatapika chai yote ya asubuhi kando ya beseni la nguo, kisha akafuta mdomo kwa upindo wa gauni na kurudi ndani, maana aliyelala mle ni wa tumbo moja naye.

Godoro lilikuwa limelowa mkojo, duara la manjano juu ya duara jingine. Nzi walikuwa wametua kwenye ukingo wa kikombe na hawakushtuka hata alipowapungia mkono. Dada yake alianguka jana yake alasiri akienda chooni, nyonga ikavunjika, akarudishwa kitandani kwa kubebwa kama gunia, basi. Toka hapo hakuna aliyemgeuza.

Mlangoni alisimama mtoto wa dada mwenyewe, mwenye nyumba ile, mtu mzima na kitambi chake, ananukia mpaka macho yanawasha. Mtaa mzima ulimwita Marashi, naye alidhani ni sifa.

"Mama mdogo, mbona unatapika? Unaumwa?"

"Naumwa na wewe."

"Aa, mimi nilikuwa nampeleka hospitali. Nilisema baadaye, jua likipungua."

Bi Jicho alimtazama toka kiatu hadi kichwani. Alishasikia baadaye za mtoto huyu tangu hajaota ndevu. Alimtuma akalete gari, na safari hii Marashi akaenda mara moja, maana mama yake mdogo alikuwa ameshika kile kikombe cha nzi kama mtu anayetafuta pa kukirushia.

Wiki tano dada mtu alilala wodini. Akaanza kusimama, akaanza kutembea kwa kufuata kitanda, ndipo wodi ikataka kitanda chake. Lakini wodi ile ilikuwa na utaratibu wake: mgonjwa wa nyonga hatoki mpaka muuguzi anayezungukia majumbani aone anakokwenda na aweke saini.

"Atakuja kwangu," alisema Bi Jicho. "Mimi mjane, yeye mjane. Tutasali pamoja na kugombana pamoja."

"Una choo cha kukaa?" aliuliza muuguzi, mama mmoja mnene mwenye haraka, kalamu haimtoki mkononi.

"Ninacho."

"Vyuma vya kushikia?"

"Vitakuwepo."

"Nitakuja Alhamisi. Visipokuwepo, Jumamosi anarudi kwa mwanawe. Nyumba ya mwanawe imeshapita."

Imeshapita! Bi Jicho alitaka kucheka. Ni kweli ilipita: ina choo cha kukaa, ina marumaru, ina taa kila pembe. Karatasi haina pua.

Basi alianza kazi. Nyumba ilikuwa vyumba viwili alivyoachiwa na marehemu mumewe, na tangu azikwe hapakuwa na msumari uliogongwa. Alivunja kizingiti cha bafuni, akawekesha mteremko wa saruji ili mguu usipate cha kujikwaa. Sakafu ilipokuwa bado mbichi aliipitishia fagio la vijiti, ikabaki na meno kama mgongo wa samaki, hata ukiimwagia povu la sabuni haitelezi. Alikata miguu ya kitanda shubiri moja, kwa kuwa kitanda kirefu ni cha kupokea wageni, mgonjwa anataka nyayo zake zifike chini. Mkeka alioupenda aliukunja akaugawa. Sufuria za rafu ya juu zikashuka chini. Kila alichokigusa alikigusa kwa hasira, na usiku akilala aliisikia ile harufu ya chumba cha uani imemganda puani, hata udi haukuitoa.

Vikabaki vyuma tu. Hapo Marashi akajitokeza.

"Mama mdogo, vyuma natoa mimi, na fundi natoa mimi. Watu wasije wakasema nimemtupa mama yangu."

"Watu waseme nini ambacho hawajasema?"

"Ndiyo hivyo hivyo, mama mdogo. Tusaidiane."

Fundi aliyeletwa aliitwa Chapchap. Aliingia na drili, akatema mate kwenye sakafu ileile mpya yenye meno, akayasugua kwa kiatu kama mtu anayepiga rangi. Bi Jicho alimnyooshea kidole.

"We kijana! Hapo watu watakanyaga peku."

"Samahani, mama. Mazoea." Akafunga mlango wa bafuni. "Kaa mbali kidogo, vumbi litakuumiza macho."

Alikaa barazani. Alisikia drili ikinguruma, halafu vipande vya udongo vikianguka poro-poro-poro, kwa wingi kuliko tundu la skrubu linavyopaswa kutoa. Kisha drili ikanyamaza. Akasikia kutafuna.

"Unakula nini humo chooni?"

"Ubani, mama!" Sauti ilikuwa imejaa kitu.

Saa moja baadaye kilikuwa kimesimama pale kando ya choo chuma king'aacho, plasta nyeupe imekizunguka, kizuri kama cha dukani. Bi Jicho alikigusa kwa vidole, hakikutikisika. Alimshukuru Mungu, ingawa kwa nusu ya moyo. Nusu nyingine iliendelea kusikia kule kutafuna.

Alhamisi aliamka mapema kupiga deki kabla muuguzi hajafika. Alipofika nyuma ya choo, fagio likasukuma kitu. Alidhani ni mjusi aliyekufa. Aliinama, akakigeuza kwa njiti. Lilikuwa donge la karatasi, la kijivu, limekauka juu na ndani bado laini, lina alama za meno pande zote mbili. Nusu ya uso wa mgombea fulani wa gazetini ilikuwa bado inatabasamu katikati ya mate.

 Alielewa yote kwa mara moja. Matofali ya ukuta ule ni ya udongo. Drili iliyafumua, tundu likawa pana kama mdomo wa chupa, na yule hayawani badala ya kutoboa ukuta mpaka ng'ambo akafunge kwa nati, alikaa juu ya choo chake akatafuna gazeti na kulishindilia ukutani. Juu akapaka plasta. Na dada yake ndiye angeshika mate yale, na uzito wake wote.

"Hodi!"

Walikuwa watatu: muuguzi mbele, Marashi nyuma yake amejipulizia kupita kiasi, na Chapchap aliyekuja kusubiri kusifiwa.

Muuguzi hakuvua hata viatu. Alisimama mlangoni mwa bafu, akanyoosha shingo.

"Choo, sawa. Sakafu, sawa. Chuma..." Alinyoosha mkono, akakisukuma kwa kidole kimoja. "Sawa. Nzuri sana, mama. Laiti wengi wangekuwa na nyumba kama hii." Kalamu ikatua kwenye karatasi.

Nyumba njema si mlango, wazee walisema, na huyu ameishia mlangoni. Bi Jicho alilifumbata lile donge kiganjani. Akinyamaza, dada yake anakuja Jumamosi. Akisema, dada yake anarudi kule uani, kwa nzi na mikojo. Saini ilikuwa inaanza.

Marashi aliona uso wake. Alimsogelea, marashi yakamkaba koo.

"Mama mdogo, kama kuna kidosari, funika," alinong'ona. "Tutarekebisha baadaye."

Ni hilo neno lililomaliza. Pengine angelikaa kimya kwa neno jingine.

"Muuguzi, ngoja," alisema Bi Jicho. "Marashi, mwanangu. Kaa hapo chooni, ushike chuma, uinuke. Kama mama yako atakavyofanya."

Marashi alicheka. "Mimi? Mbele ya watu?"

"Umevaa suruali, hakuna atakayekuona kitu. Kaa."

"Suruali hii ni ya kazini, mama mdogo."

"Haya, fundi. Wewe una suruali ya kila kitu. Kaa."

Chapchap akarudi nyuma hatua moja. "Mimi nina mgongo, mama."

"Mgongo! Juzi ulibeba mfuko wa saruji ukiimba."

"Ndiyo ulioniumiza."

Muuguzi aliacha kuandika. Alimtazama Marashi, akamtazama fundi, akaitia kalamu mfukoni. Alishika chuma kwa mikono miwili, akaegemea nyuma na unene wake wote.

Ukuta haukubishana. Chuma kilitoka kama jino bovu, na nyuma yake yakamwagika madonge, moja, mawili, sita, mengine yamefuatana kwa uzi wa mate yaliyokauka. Moja lilimtua muuguzi kifuani, likabaki limening'inia kwenye kitambulisho chake.

"Nini hii?"

"Ni gazeti," alisema Bi Jicho, akafungua kiganja chake amwonyeshe ndugu yao wa saba. "Amelitafuna."

"Amelitafuna kwa mdomo?"

"Ni utaalamu," Chapchap alijitetea. "Likikauka linakuwa gumu. Hata mwalimu wangu..."

"Mungu wangu, nimelishika!" Muuguzi alilirusha, akakimbilia bomba, akanawa, akapaka sabuni, akanawa tena, na bado alikuwa akivinusa vidole vyake.

Lakini aliporudi, karatasi ilikuwa karatasi. Aliandika neno moja na kulisoma kwa sauti: haifai. "Samahani, mama. Kitanda kinatakiwa Jumamosi asubuhi. Nitapita tena kesho alasiri, ni mara ya mwisho. Ikiwa hivi, anakwenda kwa mwanawe."

Alipoondoka, Marashi aligeuka, jasho limeyachanganya manukato yake hadi yakawa harufu ya kitu kilichochacha.

"Sasa umeridhika? Saini ilikuwa inaandikwa! Mama akirudi kwenye chumba kile, ujue ni wewe uliyemrudisha."

"Ni chumba cha nani kile?" Bi Jicho aliuliza.

Marashi aliutazama mlango. Alitafuta leso, akafuta shingo, akatoka.

Chapchap naye aliinama kuchukua sanduku la drili. Halikunyanyuka. Bi Jicho alikuwa ameshalikalia.

"Mama, nina kazi kwingine."

"Kazi yako iko hapa. Utatoboa mpaka ng'ambo, uani. Utapitisha bolti ndefu, na ng'ambo utaweka ubao mzito na nati, ukuta ubanwe katikati kama mkate. Mume wangu alifunga hivyo milango yake na mpaka leo inatupigia saluti."

"Bolti ndefu sina."

"Duka liko kona ile. Drili itabaki hapa na mimi."

Alikwenda, akarudi. Mlango wa bafu safari hii ulibaki wazi. Bi Jicho aliweka kigoda katikati, akakaa na kitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Kila tundu alilitazama kwa tochi. Kijana alipotaka kuchanganya plasta kabla ya kukaza nati, alimwambia: "Kwanza chuma, halafu urembo." Aliponyamaza sana alimwambia: "Fungua mdomo."

"Mama jamani!"

"Fungua." Alimulika tochi. "Haya, endelea."

Kufikia adhuhuri ya Ijumaa vyuma viwili vilikuwa vimesimama, kimoja chooni, kimoja penye kigoda cha kuogea. Bi Jicho hakungoja mtu. Alikaa, akashika, akainuka. Akakaa, akashika, akajining'iniza magoti yamekunjwa, mwanamke wa miaka sitini na tisa, huku akimwomba Mungu kimoyomoyo. Ukuta ulibaki ukuta.

Muuguzi alikuja alasiri. Alivua viatu. Aliingia ndani kabisa, akakaa, akavuta, akatoka uani kuhesabu nati. Kisha akatia saini, goti lake likiwa ndiyo meza. Alipokuwa anakunja karatasi Bi Jicho akamuuliza, bila ukali:

"Na nyumba ya Marashi uliikagua vipi?"

Muuguzi aliangalia kalamu yake.

"Alinipa soda. Niliishia sebuleni," alisema. "Choo nilikiona kwenye simu yake."

Bi Jicho hakumfariji. Alisikia kile kichefuchefu cha siku ya godoro kikimpanda tena, na safari hii hakikuwa na harufu yoyote. Muuguzi alibeba mkoba wake. Mlangoni akavaa viatu vyake, akaenda.

Jumamosi dada mtu alishushwa kwenye gari, mwembamba, mkali, nywele zimesukwa na wauguzi vibaya. Aliipita sebule bila kuitazama, akauliza bafu liko wapi. Bi Jicho alimshika kiwiko mpaka mlangoni, akampitisha kwenye mteremko, akamwona anatafuta kwa mkono, anakipata chuma, anakaa polepole. 

"Kinashika?"

"Kinashika."

"Jaribu tena kwa nguvu."

"Kinashika, nimekwambia. Sasa toka." Dada mtu alinyoosha mkono kuuvuta mlango. "Na usisimame hapo nje kunisikiliza. Mwezi mzima na zaidi nakojoa mbele za watu. Nenda kule mbali, tena uimbe."

Bi Jicho akaenda jikoni, akaanza wimbo wa kanisani, kwa sauti ya juu.