Fungu la Bamba Lolo

Kule Buntu Rea watu hawapigani ngumi. Kijiji kimeng'ang'ania ubavu wa mlima, mashamba ya mpunga yanashuka ngazi kwa ngazi hadi mtoni, na kila mtu anamwona jirani yake anavyopalilia, anavyogombana na mkewe, na anarudi na nini kutoka gulioni Makale. Ukimpiga mtu leo, kesho utaihitaji mikono yake kupandisha boriti. Kwa hiyo chuki yote huwekwa akiba mpaka afe mtu, nyati wachinjwe, nyama igawanywe hadharani. Siku hiyo ndiyo unajua nani angefurahi kukuona umeporomokea bondeni.

Banne aliyajua hayo tangu utotoni, na bado asubuhi ile alivaa gauni lake jeusi, akachukua kahawa na kipande cha sukari ya mchikichi, akashuka kwenda matangani kwa mzee Patiung. Maiti ya mzee ilikuwa imelazwa chumba cha kusini tangu alipokufa mwaka juzi, akipelekewa chai na sigara kama mgonjwa, mpaka wanawe walipopata nyati wa kumsindikiza. Sasa nyati walikuwa wamefungwa uwanjani, wageni wa bondeni wamejaa kwenye vibanda vya mianzi, na mchungaji anasali kwenye kipaza sauti kinachokoroma. Banne hakwenda kulia. Alikwenda kusikiliza kama nyumba yake itaitwa.

Nyumba yake ya ukoo, Bamba Lolo, iliungua kiangazi kilichopita. Paa la mianzi lilishika moto adhuhuri, upepo ukasaidia, na majirani wakachelewa kupata ndoo. Walichelewa wote, hata wale ambao nyumba zao zilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Yamebaki mawe ya nguzo, meusi, juu ya kiwanja kizuri kuliko vyote kijijini, palipo tambarare kando ya barabara. Massora, mtoto mkubwa wa marehemu, alikuwa anakitaka kiwanja hicho ageuzie mabasi ya watalii wanaokuja kupiga picha makaburi ya mwambani.

Na alikuwa na njia ya kukipata. Kwenye baraza la ardhi la Buntu Rea husemi kwa jina lako; unasema kwa jina la nyumba yako ya ukoo. Na nyumba iliyo hai ni ile inayoitwa jukwaani nyama inapogawanywa. Haya yalikuwa matanga ya kwanza tangu ule moto. Bamba Lolo ikiitwa, kiwanja ni cha Banne na mwanawe Lebang aliye migodini Papua. Isipoitwa, Massora angeleta greda wiki hiyo hiyo na hakuna baraza ambalo lingemsikiliza mwanamke asiye na nyumba.

Jikoni, wanawake waliokuwa wakitwanga pilipili walisogea alipoingia. Hawakusogea kumpisha, walisogea wasigusane naye. Mke wa Massora, Mama Allo, alikuwa anashindilia nyama ya nguruwe kwenye mianzi ya kuchomea.

"Karibu, Mama Lebang," alisema bila kumtazama. "Kaa hapo kwenye moshi. Wewe na moto si mmeshazoeana?"

Wanawake wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akapaliwa.

"Moto ulikuja kwangu bila kualikwa," Banne akajibu, akaiweka kahawa yake chini. "Kama ulivyokwenda wewe kwenye harusi ya dada yako."

Kicheko kikakatika. Mama Allo akaushindilia mwanzi wake kwa nguvu mpaka ukapasuka, na Banne akatoka nje akiwa ameridhika kidogo. Aliwachukia. Alimchukia kila mmoja wao kwa jina, pamoja na yule aliyepaliwa, ambaye walikuwa wakicheza naye mtoni utotoni.

Uwanjani Massora alimkuta amesimama mbele, na wenye nyumba zao.

"Dada, si urudi nyuma kidogo? Pale kwa wale vibarua kuna kivuli."

"Hapa pananitosha."

"Hapa ni pa wenye nyumba."

"Ndiyo maana nipo."

Massora akatabasamu. Alikuwa na meno mazuri, na alijua. "Haya. Simama. Usije ukasema hatukukuambia."

Nyati wa kwanza akaangushwa, akachunwa, akakatwakatwa juu ya majani. Mzee Rerung, shemeji wa marehemu na mjomba wa Massora, akapanda jukwaa refu la mianzi. Tangu Banne akiwa mtoto, Rerung ndiye anayeita mafungu, na sauti yake inafika ng'ambo ya mto bila kipaza sauti. Alikuwa ananyanyua fungu, anaita nyumba, analitupa chini, wenyewe wanaliokota.

"Rante Uai!" Ubavu mzima ukaanguka.

"Tondon Sesa!" Bega.

Kila nyumba ikishapata, watu wake walilibeba fungu hadi kwao, na mkubwa wa nyumba akapanda jiwe la nguzo ya kaskazini, akalikatakata na kuwagawia ndugu na majirani, naye akiwaita kwa majina. Ndivyo nyama inavyozunguka. Muda si muda mlima mzima ulikuwa unaitana, huku na kule, na mbwa wanakimbia wasijue waanzie wapi. Na nyama ikishaitwa jina lako hukai kufikiri. Unaiokota, kwa sababu ni ya marehemu. Ukiiacha matopeni umemtupa yeye matopeni, na hapo hakuna atakayekuja kuzika kwenu tena.

Nyumba ziliendelea kuitwa moja moja. Banne alikuwa akizifuata moyoni. Ilipofika zamu ya Bamba Lolo, katikati ya Tondon Sesa na Batu Rapa, Rerung aliiruka. Hakusita hata kidogo. Banne akabaki amesimama pale pale.

Halafu, mafungu yote yalipokwisha, Rerung akainama, akaokota kitu, akaita: "Banne!"

Jina lake tu. Bila nyumba.

Kilichoanguka miguuni pake kilikuwa kwato, na ngozi kidogo, na kipande cha nyama kisichojaa kiganja. Kwato hupewa vibarua, watu wanaolala kwenye nyumba za wengine na kula kwa jina la wengine. Tope lilimrukia gauni. Mama Allo akapiga vigelegele kutoka mlangoni mwa jikoni, na umati ukacheka, wageni wa bondeni wakicheka kwa sababu wenyeji wamecheka.

"Okota, dada!" Massora akasema kwa sauti ya kusikika. "Marehemu anakupa. Au unamkataa baba yangu mbele ya wageni?"

Hapo ndipo walipotaka kumfikisha. Akiiacha, amemtukana marehemu, na watamfukuza kijijini wakiwa na haki yao mkononi. Akiiokota, amekubali mbele ya kijiji na bonde zima kwamba yeye ni kibarua wa watu. Aibu ilimchoma masikio. Alitamani kulia, na alitamani zaidi kuichukua ile kwato na kumpiga nayo Massora kwenye yale meno yake.

Akainama, akaiokota.

"Ahaa!" mtu akasema nyuma. "Amejua mahali pake."

Lakini Banne hakwenda kwenye vyungu vya vibarua. Alipita kwa wachinjaji, akachukua panga lililokuwa limelazwa juu ya majani, na kabla mwenyewe hajauliza alikuwa ameshavuka mtaro wa mpakani, anapanda kiwanja chake. Kiko juu ya uwanja wa Massora. Ukisimama pale unawaona watu wote utosini. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye jiwe la nguzo ya kaskazini, jeusi kwa masizi, akapanda.

Massora alikuwa bado anacheka. Kosa lake, na baadaye hata watoto waliliona, lilikuwa tamaa ya kumwona Banne akiinama. Angemnyima kabisa, mwanamke angerudi kwake mikono mitupu na mambo yangekwisha. Yeye akampa nyama. Mbaya, chafu, ya kudhalilisha, lakini nyama ya matanga, iliyoitwa jukwaani. Na Banne alikuwa na jiwe.

Aliiweka kwato juu ya jiwe, akaichana ngozi, akakata kile kipande cha nyama vipande vidogo kama kucha. Kisha akanyanyuka, akavuta pumzi.

"Bamba Lolo inagawa!" akapiga kelele. "Massora wa Rante Uai!"

Akakitupa. Kipande kikavuka mtaro, kikaanguka kwenye tope mbele ya viatu vipya vya Massora.

Kipaza sauti cha mchungaji kiliendelea kukoroma peke yake. Massora akakitazama kile kipande, akawatazama watu.

"Huyu mwanamke ana wazimu. Nyumba gani? Mnaiona nyumba pale? Mimi naona majivu."

Wageni wa bondeni walikuwa wameacha kucheka. Mmoja wao, mzee mwenye mdomo mwekundu kwa tambuu, akauliza polepole, "Nyama yenyewe ni ya nani?"

"Ya baba, lakini..."

"Haya."

"Haya nini? Huwezi kugawa kwato! Tangu lini kwato ikagawanywa?"

"Uliyetupa kwato ni wewe," Banne akasema kule juu. "Mimi nimegawa nilichopewa. Ungetaka nigawe ubavu, ungenipa ubavu."

Mtu mmoja akaguna kicheko, akakimeza haraka. Mama Allo alikuja mbio kutoka jikoni, mikono yote mafuta. "Usiiguse, Massora! Ukiiokota tu umekwisha!" Akamgeukia Banne, akaunyosha mkono. "Mchawi mkubwa wewe! Shuka hapo!"

"Ngoja zamu yako, Mama Allo. Hujaitwa bado."

Massora alisimama, jasho linamtoka, mbwa mmoja ameshaanza kukinusa kile kipande. Ndipo mama yake alipozungumza. Mjane alikuwa amekaa kando ya jeneza, amejifunika shuka jeusi. Alikuwa hajagusa wali tangu matanga yaanze, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Massora. Okota nyama ya baba yako."

"Mama, hujui huyu anataka..."

"Najua anachotaka. Simpendi huyo mwanamke, sikumpenda mama yake, na nyumba yao ilipoungua nilikunywa kahawa yangu nikaimaliza. Lakini yule ni baba yako, na mbwa anamnusa. Okota."

Massora akampiga mbwa teke. Akainama. Watu wote walimwona akiinama, mtu mwenye nyumba na nyati na mabasi yanayokuja, akachomoa kile kipande kwenye tope kwa vidole viwili. Banne alitazama mgongo wake na akaona raha kubwa, raha mbaya, wala hakujaribu kuificha.

"Mama Allo wa Rante Uai!"

Mama Allo aliokota huku analia kwa hasira.

Akamwita na yule aliyepaliwa. Akamwita kila jirani aliyechelewa kupata ndoo, mmoja mmoja, na kila mmoja akaja hadi ukingoni mwa mtaro, akainama, akaondoka bila kumtazama usoni. Hakuna aliyesema asante. Mmoja alitema mate karibu kabisa na mtaro, lakini nyama aliibeba.

Kikabaki kipande cha mwisho. Mwenye kugawa hula baada ya wote, na Banne alikuwa hajala tangu jana yake. Akakitazama, akageukia jukwaani.

"Mzee Rerung wa Batu Rapa!"

Rerung alikidaka kwa mkono mmoja, kule kule juu. Akakaa nacho kiganjani. Alikuwa mzee mgumu, na uhusiano wake na Massora ulikuwa wa damu. Kila mtu alijua nani alimwambia airuke Bamba Lolo. Lakini alikuwa ameita mafungu maisha yake yote, na hakuwa tayari kuchekwa na bonde zima kwamba amepokea nyama kutoka nyumba ambayo yeye mwenyewe anasema haipo. Akakitia kile kipande mdomoni kikiwa kibichi, akakitafuna, akameza.

"Leteni nyati wa pili," akasema.

Nyati akaangushwa. Walimchuna, na Massora alisimama kando amewapa wageni mgongo. Banne hakushuka kwenye jiwe. Alisimama pale na panga mkononi, akiwaza kwamba hata akiitwa, hakuna mkono hata mmoja hapa chini utakaokuja kumpandishia boriti. Angeijenga Bamba Lolo na Lebang tu, kijiti kwa kijiti, huku majirani wakipita na kusonya. Wangemsonya mpaka azeeke. Aliliona hilo waziwazi, na hakushuka.

"Rante Uai!" Rerung akaita. "Tondon Sesa!"

Kisha akanyanyua bega zito, lenye mfupa, damu inamtiririka hadi kwenye kiwiko. Akageuka, akamtazama Banne moja kwa moja, na uso wake ulikuwa umejaa chuki tupu.

"Bamba Lolo!"

Hakulidondosha chini kama alivyofanya kwa wengine. Alilivurumisha kwa nguvu zake zote, juu ya vichwa vya watu, juu ya mtaro. Likampiga Banne kifuani. Akapepesuka, akaanguka chali kwenye majivu, pumzi zimemkatika, amelikumbatia.